Refa Anayefuta Sakafu Kavu

SAA kumi na moja na nusu alfajiri, Marlys Tvedt analizunguka basi lake la njano, tochi mkononi, akipiga teke gurudumu moja baada ya jingine. Vipande vya barafu vinaanguka kwa kishindo. Mji wa Nyland, Iowa, bado umejifunika theluji ya jana, na mtaa mzima taa inayowaka ni ya duka la maandazi peke yake.

"Mimi na magurudumu tunasalimiana hivi," anasema, akimalizia la mwisho. "Likiitika vizuri, tunaondoka."

Marlys ana miaka hamsini na sita. Asubuhi na alasiri anaendesha basi la shule. Jioni, kuanzia Novemba mpaka Machi, anavaa shati la milia nyeusi na nyeupe, anatia filimbi shingoni na kuchezesha mpira wa kikapu wa vyuo vidogo vya pande hizi.

"Kazi zote mbili ni ile ile," anatania. "Nyuma yangu watu wanapiga kelele, na mimi natakiwa nisigeuke."

Kwenye kituo cha tatu anasubiri mzee Delbert Kuhlmann na wajukuu zake wawili. Jumamosi iliyopita mzee huyu alisimama safu ya tatu akautangazia ukumbi mzima wa Chuo cha Lindgren kwamba Marlys ni kipofu wa kuzaliwa. Asubuhi hii amewashika wajukuu mikono mpaka mlangoni mwa basi.

"Barabara inateleza leo, mama. Angalia sana."

"Naangalia, Delbert. Leo nimekuja na macho."

Mzee anacheka, watoto wanapanda, mlango unafungwa. Waswahili husema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Delbert hutukana jioni, akaleta uzazi asubuhi, na usingizi anaupata vizuri tu.

Lakini leo Marlys hana mawazo na Delbert. Jioni atachezesha mechi ya timu za akiba, Lindgren dhidi ya Chuo cha Mtakatifu Odilia, na refa mwenzake ni Keyshon Ruffin, kijana ambaye misimu miwili iliyopita alimtukana katika ukumbi huo huo, mbele ya watu hao hao. Ni mara ya kwanza Keyshon kupuliza filimbi mbele ya mashabiki wa vyuo. Marlys amekwisha mwambia mumewe, Orrin, kwamba kijana akitoka humo amevunjika moyo, yeye Marlys filimbi yake ataitundika ghalani siku hiyo hiyo.

"Siwezi kumlea mtu mwingine halafu watu wanirudishie makombo," anasema. "Nimeshayaona hayo kwa Gaylen."

Ili kuelewa habari ya Gaylen, ni lazima kwanza kuelewa kilichoupata mchezo wenyewe.

Marlys alipoanza, mchezaji aliingia chuoni na kutoka baada ya miaka minne. Aliyetaka kuhama alilazimika kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo wengi walivumilia hata makocha wenye midomo michafu. Marlys aliwajua vijana kama anavyowajua abiria wake. Alijua nani hujiangusha kabla ya kuguswa, na nani ukimwita kwa jina hasira humshuka. Nao walimjua yeye, wakajua hana ndugu uwanjani.

Siku hizi kuna kile wachezaji wanachokiita lango, orodha ya wanaotaka kuhama. Kijana anatia jina lake humo, makocha wa vyuo vingine wanamwona, na msimu unaofuata anavaa jezi nyingine. Marlys hawalaumu hata kidogo.

"Kocha akiitwa kwenye mshahara mnono anaondoka, tunamwandalia keki," anasema. "Kijana akihama tunamwita msaliti. Hiyo haki iko wapi?"

Ila kila kitu kina gharama yake, na gharama ya lango imewaangukia watu wengi, waamuzi wakiwemo. Kila Novemba, anasema Marlys, anaingia uwanjani kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Sura ni mpya pande zote mbili. Wachezaji nao hawamwoni yeye, wanaona shati la milia, na shati ni rahisi kulitukana.

Matusi hayo yamewamaliza wenzake. Zamani waamuzi wa eneo hili walipokutana kifungua kinywa kabla ya msimu, walijaza chumba chote cha nyuma cha mkahawa. Safari hii walitosha meza moja, na kiti kikabaki cha kuwekea makoti. Mechi za waamuzi watatu sasa nyingine huchezeshwa na wawili. Wawili huchoka, wakichoka hukosea, wakikosea hutukanwa, na mmoja wao huacha. Malipo ni kama dola mia mbili kwa mechi kubwa, kabla ya petroli na, kama Orrin anavyopenda kukumbusha, kabla ya dawa ya goti.

Gaylen Bruns, muuza mbegu za mahindi, alikuwa mwenzake Marlys kwa miaka kumi na minane. Walikwenda mechini kwa gari moja, wakala mkate mmoja wa nyama ya nguruwe wakigawana nusu kwa nusu, na walikuwa wakielewana uwanjani kwa kutazamana tu.

Februari ya misimu miwili iliyopita walichezesha mechi ya mwisho ya msimu ya Lindgren, waliohitaji ushindi ili waingie kwenye mashindano ya ligi. Lindgren walikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zinayoyoma. Keyshon, mzaliwa wa Waterloo aliyekuwa amehamia Lindgren msimu huo kutoka chuo kingine, alichomoka na mpira mpaka chini ya kikapu, akafunga, na papo hapo akamvaa mlinzi kifuani. Marlys akapuliza. Kikapu akakikataa, kosa akampa Keyshon.

Kijana alimjia uso kwa uso akamtolea neno ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika. Ukumbi ukalidaka neno lile ukaanza kuliimba. Marlys aliongeza kosa la utovu wa nidhamu, Lindgren wakafungwa, na msimu ukaishia hapo.

Je, lilikuwa kosa kweli? Marlys anakuna kichwa. Ameitazama video ya tukio hilo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yake.

"Siku nyingine naona mlinzi amesimama imara. Siku nyingine naona kisigino chake kinasogea, na hapo kosa ni la mlinzi," anasema. "Orrin anasema kinategemea chakula cha jioni."

Huko nje, kwenye maegesho, watu waliwazunguka. Kioo cha pembeni cha gari kilivunjwa. Mwanamume mmoja mtu mzima, mwenye koti zuri la kwendea kanisani, alimtemea Gaylen mate usoni. Gaylen alijifuta kwa skafu, akaingia garini, na njia nzima akatazama mashamba yaliyolala chini ya theluji. Walipofika kwake alivua filimbi shingoni akaiweka juu ya dashibodi.

"Marlys," alimwambia, "mke wangu amenifulia mashati ya jasho miaka yote hii. Ya mate sitampelekea."

Hajapuliza tena tangu siku hiyo. Marlys anasema alilia akiwa peke yake garini, na haoni haya kulisema. Alipofika nyumbani alimwahidi Orrin kwamba atamaliza msimu mmoja aliokwisha ukubali, kisha basi.

Keyshon naye hakukaa. Wazee wa safu ya tatu waliomshangilia walianza kumlaumu kwa kukosesha timu mashindano, kwa hiyo akaingia langoni tena, akatokea ng'ambo ya mto, kwa mahasimu wakubwa wa Lindgren, Chuo cha Mtakatifu Odilia. Hicho kilikuwa chuo chake cha nne.

"Nilidhani mbele kuna mahali watakaponipenda," anasema Keyshon, ambaye sasa ana miaka ishirini na minne. "Kumbe kila ninapofika nakuwa mgeni wa kupewa kiti cha plastiki."

Desemba iliyofuata ratiba iliwakutanisha wote watatu: Keyshon, Marlys na ukumbi ule. Ndipo lilipotokea jambo ambalo Nyland bado wanalisimulia kwa kicheko.

Alipokuwa Lindgren, Keyshon alikuwa na mazoea na mpigaji wa mbali aitwaye Anders Voss. Keyshon akibanwa, alirusha mpira pembeni, mbele ya benchi la nyumbani, bila hata kutazama. Anders alikuwa pale siku zote. Sasa kipindi cha pili, akiwa amevaa jezi ya Mtakatifu Odilia, Keyshon alibanwa na walinzi wawili. Mikono ikafanya ilichozoea. Mpira ulikwenda moja kwa moja kifuani kwa Anders, ambaye alikuwa amesimama mahali pake pa kila siku, ila safari hii ni adui. Anders alishangaa kidogo, kisha akaupiga. Pointi tatu.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Delbert alisimama akapiga makofi akimshukuru Keyshon kwa kuwakumbuka nyumbani. Wanafunzi wakaanza kuimba jina lake kama walivyoliimba zamani, lakini kwa dhihaka. Kocha wa Mtakatifu Odilia aliruka kutoka kwenye kiti akimfokea hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Keyshon alisimama katikati ya uwanja, mikono imelegea.

Marlys aliinua mkono, akasimamisha mchezo, akaagiza sakafu ifutwe.

Kila refa ana haki hiyo. Jasho likidondoka, vijana wa mataulo huitwa wafute, mtu asije akavunjika mguu. Hata Delbert hawezi kulilalamikia taulo. Vijana walikuja, wakafuta pale alipoonyesha. Akaonyesha pengine. Wakafuta na pengine. Mmoja wao alimtazama kwa mshangao, maana taulo lilikuwa halijalowa.

Wakati huo yeye alikuwa amejisogeza mpaka alipo Keyshon, uso ameuelekeza kwingine.

"Vuta pumzi, kijana," alimwambia. "Watafuta mpaka uwe tayari."

Keyshon alimtazama. "Mama, mimi ndiye yule wa Februari."

"Najua. Na mimi ndiye yule yule."

Kijana alivuta pumzi. Mchezo ukaendelea. Mtakatifu Odilia walifungwa, lakini Keyshon alicheza mpaka dakika ya mwisho bila kuinamisha kichwa.

Baada ya mechi, Marlys alipofika kwenye maegesho alimwona mtu mrefu amesimama karibu na gari lake. Anakiri kwamba alizibana funguo mkononi. Alikuwa Keyshon, kofia imejaa theluji, na basi la chuo chake linamsubiri likiunguruma. Aliomba radhi kwa lile neno la Februari. Kisha hakuondoka. Marlys akamuuliza anangoja nini kwenye baridi ya namna hiyo.

"Nangoja liwake," alisema Keyshon, akionyesha gari. "Likiwaka nitakwenda."

Liliwaka kwa jaribio la tatu.

Machi ilipofika, Marlys alikwisha fua mashati ya milia kwa mara ya mwisho na kuyakunja. Ndipo simu ikaita. Keyshon alikuwa amemaliza miaka yake ya kucheza, lakini shahada hakuwa nayo. Miguu huhama upesi, masomo hayahami nayo: kila alipobadili chuo, sehemu ya masomo aliyofaulu ilikataliwa huko alikokwenda. Lindgren walikubali mengi zaidi, kwa hiyo amerudi Nyland kumalizia ualimu, na mchana anapakia magunia ya chakula cha mifugo. Alitaka kujua mtu anaanzaje urefa.

Marlys alimuuliza kwa nini anataka kujitafutia maradhi.

"Vyuo vinne, Bi Marlys," alisema kijana. "Makocha sijui wangapi. Siku nilipodhalilika kuliko zote, aliyenisitiri ni refa. Nikasema hiyo kazi basi kuna kitu ndani yake."

Orrin, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alitaka kujua jambo moja tu, kama kijana huyo anakula nyama ya nguruwe, kwa sababu ni dhahiri atakuwa anakuja chakula cha jioni. Anakuja kila Alhamisi.

Marlys alimpa filimbi ya Gaylen. Gaylen mwenyewe aliruhusu, kwa sharti kwamba asiombwe kurudi. "Nimeichemsha mara mbili," Marlys alimhakikishia Keyshon. "Gaylen anatafuna tumbaku." Majira yote ya kiangazi walifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri, kijana akichezesha watoto wa shule ya msingi, ambao mama zao, anasema Marlys, wangeweza kumfanya simba aombe likizo.

Na sasa jioni imefika. Mechi ya timu za akiba haijazi ukumbi, lakini safu ya tatu iko kamili, Delbert katikati. Juu kabisa, karibu na mlango, amekaa mwanamume mwenye skafu ya kahawia, koti hajalivua, kama mtu ambaye hajaamua kubaki. Ni Gaylen.

Kipindi cha kwanza kinapita salama. Marlys anakimbia, goti linalalamika, jicho moja liko kwenye mpira, la pili kwa Keyshon.

Kipindi cha pili, chini ya kikapu kile kile, mchezaji wa Lindgren anachomoka, anafunga na kumvaa mlinzi. Filimbi ya Keyshon inalia. Kikapu kimekataliwa. Kosa la mshambuliaji.

Ukumbi unainuka kwa ghadhabu. "Umehamia upande gani leo, Ruffin?" anapaza sauti Delbert, na safu nzima inamdakia: "Rudi langoni! Rudi langoni!" Mchezaji aliyepewa kosa ni mgeni, amehamia Lindgren mwezi wa nane tu. Anamwendea Keyshon kwa hatua ndefu, kifua mbele, mdomo umeshafunguka.

Marlys anajua neno linalokuja. Miguu yake inataka kwenda. Anaikataza. Kama kijana hawezi kusimama hapa peke yake, basi hakuna alichomfundisha, na kesho mashati yatarudi kabatini. Huko juu Gaylen amesimama.

Keyshon haweki filimbi mdomoni. Harudi nyuma, wala hatoi kifua. Anainua mkono mmoja juu, na kwa ule mwingine anaonyesha sakafuni.

Vijana wa mataulo wanakuja mbio. Wanafuta. Keyshon anaonyesha pengine, wanafuta na pengine. Safu ya tatu inaendelea kuimba, lakini ni vigumu kulizomea taulo, na wimbo unaanza kupungua sauti. Keyshon anamwambia yule mchezaji maneno mawili matatu. Mchezaji anajibu. Mabega yake yanashuka, anatikisa kichwa kukubali, anarudi kwa wenzake.

Marlys anapita pale lilipopita taulo, anaburuza soli ya kiatu. Sakafu ni kavu kama ukurasa wa Biblia. Anageukia ukutani kidogo, na watu wa safu za mbele wanadhani anajifuta jasho.

Baadaye, katika chumba chao chenye bomba linalovuja, anamuuliza Keyshon alimwambia nini yule mtoto.

"Nilimuuliza jina," anasema Keyshon, akifungua kamba za viatu. "Anaitwa Terrill. Ametokea Nebraska. Hakuna mtu wa safu ile ya tatu anayejua."

Gaylen hakuja kuwasalimu, lakini kwenye maegesho gari lake lilikuwa limeegeshwa pembeni ya lao, taa zinawaka, na halikuondoka mpaka wote wawili walipofika. Aliteremsha kioo, akatazama filimbi iliyoning'inia shingoni mwa Keyshon.

"Kamba hiyo ni fupi kwako," alisema. "Ninazo nyingine nyumbani. Nitazileta." Kisha akaongeza kwamba Alhamisi hana shughuli, kama Orrin bado anachoma nyama.

Hata Delbert alipita, akiburuza miguu kwenye theluji. Alimwambia Marlys kwamba wajukuu wana miadi ya meno kesho, asiwasubiri. Alikwenda hatua chache, akarudi.

"Lile halikuwa kosa," alimwambia Keyshon.

"Inawezekana, mzee," alijibu Keyshon. "Njoo kiangazi kanisani, tunafundisha. Filimbi tutakupa."

Hilo la kiangazi si utani. Marlys anataka kila chuo cha ligi hii kimpatie mchezaji mmoja anayemaliza miaka yake, hasa wale waliohamahama. Tayari Anders Voss amekubali, na wawili wa Mtakatifu Odilia wameuliza. Anaamini kijana aliyekaa kwenye mabenchi manne anajua ugeni unavyouma, na atamwona mtu ndani ya jezi. Naye akivaa milia, wachezaji watamwona mtu ndani ya shati. Siku moja, anasema, angependa kuona ule mkahawa chumba chake cha nyuma kimejaa tena, makoti yakose kiti.

Kuhusu ahadi aliyompa Orrin, mumewe anasema hajaisahau. Alimkumbusha usiku huo huo, Marlys akiwa ameegemeza goti kwenye mfuko wa barafu na shati la milia likizunguka kwenye mashine ya kufulia. Alimuuliza ni lini hasa anaacha.

"Nitaacha," alisema Marlys, "siku sakafu ya Lindgren itakapokauka."